Uchome Saa Ngapi? Mbinu za Kupanga Insulini ya Muda Mrefu kwa Mkazi wa Simiyu

Kabla hujatega alamu kwenye simu, kishike kichupa chako cha insulini na usome jina lake. Wagonjwa wengi huanza kwa kuuliza saa, na jibu wanalopewa na jirani anayetumia insulini nyingine kabisa linaweza kuwaangusha usiku. Saa ya kuchoma hutegemea jina lililo kwenye kichupa.

Rangi peke yake itakudanganya. Insulini nyeupe yenye ukungu inaweza kuwa NPH, ambayo kwenye boksi huandikwa Insulatard, Humulin N au isophane. Inaweza pia kuwa Mixtard, mchanganyiko wa ya muda mfupi na ya muda mrefu, na hiyo inataka chakula ndani ya nusu saa baada ya kuchoma. Mtu akijichoma Mixtard wakati wa kulala, akidhani ni ya muda mrefu, amejitafutia hatari. Insulini angavu nayo inaweza kuwa Actrapid, ambayo kazi yake huisha ndani ya masaa machache, au glargine kama Lantus, inayokaa mwilini karibu siku nzima. Nyumba yenye vichupa viwili iviweke mahali pawili tofauti, na kile cha usiku kizungushiwe mpira au plasta. Umeme ukikatika, kidole kinatambua ambacho jicho halioni.

Insulini ya muda mrefu kazi yake ni kushika sukari kati ya mlo na mlo, na hasa usiku, wakati ini linaendelea kumwaga sukari kwenye damu hata kama hujala kitu. Inayotumika zaidi kwenye vituo vyetu vya serikali bado ni NPH, iliyotengenezwa Denmark mwaka 1946 katika maabara ya Hans Christian Hagedorn, na ile H ya mwisho ni ya jina lake. Glargine ilianza kutumika mwaka 2000. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza glargine na ndugu zake, detemir na degludec, kwenye orodha ya dawa muhimu, ila bei yake kwa mkulima bado ni mzigo. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye NPH, kwa sababu hiyo ndiyo yenye kilele, yaani muda ambao nguvu yake hufika juu kabisa, na kilele ndicho kinachoumiza watu.

Hesabu kwenda mbele

NPH huanza kufanya kazi taratibu baada ya saa moja au mbili. Kwa watu wengi nguvu yake hufika juu kati ya saa ya 4 na ya 10 tangu kuchoma, kisha inapungua na kuisha kati ya saa ya 12 na ya 18. Hesabu hii ndiyo mbinu yenyewe. Usiulize "nachoma saa ngapi" bila kuuliza "masaa 4 mpaka 10 kutoka sasa nitakuwa wapi, nitakuwa nimekula nini, na nani atakuwa karibu nami?"

Chukua mama wa Dutwa anayejichoma saa 12 jioni, kabla hajaingia jikoni. Kilele chake kinaanza saa 4 usiku na kinaendelea mpaka saa 10 alfajiri. Ugali alioula saa 2 usiku unazidi kupungua tumboni kadiri usiku unavyokwenda, na dawa iko katika nguvu zake. Saa 8 usiku anaamka shuka limelowa jasho, moyo unakwenda mbio, au haamki kabisa, anaota ndoto za kukimbizwa na asubuhi kichwa kinamgonga. Halafu, kwa kuwa dawa imeanza kumwishia saa 12 asubuhi, kipimo cha asubuhi kinasoma juu. Anaonekana dozi haimtoshi, kumbe dozi ilikuja mapema mno. Akiongezewa uniti bila kuulizwa saa, usiku unaofuata utakuwa mbaya zaidi.

Mama huyo huyo akisogeza sindano mpaka saa 4 usiku, kilele kinaanguka kati ya saa 8 usiku na saa 2 asubuhi. Hapo ndipo mwili wenyewe unapopandisha sukari, kwa maana alfajiri homoni za kuamka huliamsha ini limwage akiba yake. Dawa na sukari vinakutana. Ndiyo maana waganga wengi hupenda NPH ya usiku ichomwe unapokwenda kulala, mbali na chakula cha jioni. Vijijini watu hulala mapema, na saa 3 usiku inafaa pia. Kinachotakiwa ni kuiondoa kwenye magharibi na kuipeleka kitandani.

Anayechoma NPH mara mbili ana hesabu ya pili. Sindano ya saa 12 asubuhi inafika kileleni kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni. Kwenye mkoa huu unaoongoza kwa pamba, hayo ni masaa ya palizi Januari na Februari, na masaa ya kuchuma kuanzia Mei na Juni. Jua limewaka, mgongo umeinama, miguu haijapumzika, na kazi yenyewe inashusha sukari bila msaada wa dawa. Hapo hakuna ujanja isipokuwa chakula kifuate dawa. Uji au viazi vya saa 4 uende navyo shambani, na chakula cha mchana kisivuke saa 7. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ni akiba nzuri ya kutafuna katikati ya kazi, kwa kuwa yanabebeka na hayaharibiki.

Mvua za mwanzo zikinyesha Novemba na ng'ombe wakafungwa plau kabla jua halijatoka, siku yako imebadilika kabisa. Mwambie nesi mapema, kabla msimu haujaanza, kwamba kwa wiki kadhaa utakuwa unatembea nyuma ya plau asubuhi nzima. Mara nyingi dozi ya asubuhi hupunguzwa kwa kipindi hicho. Na usiichome pajani siku hiyo, kwa sababu mguu unaofanya kazi huinyonya dawa haraka. Asubuhi ya kulima choma tumboni, usiku choma pajani, ambako NPH huingia polepole. Ndani ya sehemu hiyo hiyo hama kila siku kwa upana wa vidole viwili. Pakivimba na kuwa pagumu, pape mapumziko, maana dawa ikichomwa kwenye uvimbe haijulikani itatoka lini.

Saa ya simu na saa yetu

Kuna kosa moja ambalo halitokani na kisukari, linatokana na namna tunavyohesabu saa. Mazungumzo ya aina hii husikika kliniki:

"Baba, sindano ya usiku umekuwa ukichoma saa ngapi?"

"Saa nane, mwanangu. Si ndivyo mlivyoniandikia? Mjukuu ndiye huniamsha."

Kwenye boksi imeandikwa 8 PM, yaani saa 2 usiku. Mzee ameamka saa 8 usiku wiki nzima kwa utii wote, na NPH yake imekuwa ikifika kileleni kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 6 mchana, yeye yuko machungani hajanywa hata chai. Mzee hana kosa hata moja. Mwandishi wa boksi ndiye aliyeandika kwa saa ya simu.

Omba uandikiwe kwa maneno: "saa nne usiku, ukienda kulala". Simu ikionyesha 22:00, ni saa 4 usiku; 21:00 ni saa 3 usiku; 6:00 ni saa 12 asubuhi. Kijana akikutegea alamu, ahakikishe ni ya usiku kweli, kisha mjaribu siku ya kwanza mkiwa pamoja. Asiyekuwa na simu ana saa nyingine za kuaminika. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku haihami. Adhana haihami sana. Na sisi tulio karibu na mstari wa ikweta tumejaliwa jua lisiloyumba, kwa kuwa mwaka mzima machweo ya Bariadi hayatofautiani kwa zaidi ya nusu saa hivi. Kwa anayetumia glargine, jua lenyewe linatosha kuwa saa.

Glargine haina kilele cha kutisha. Inakwenda tambarare kwa takribani masaa 24, na kinachoiharibu ni kuhamahama. Leo saa 2 usiku, kesho saa 5, keshokutwa saa 12 jioni: kuna usiku utakuwa na pengo na usiku mwingine dawa mbili zitapandana. Chagua saa ambayo mwaka mzima, kiangazi na masika, msiba na harusi, huwa uko nyumbani. Kwa maoni yangu, mzee anayeishi peke yake au na wajukuu wadogo afadhali achome asubuhi, kwa sababu sukari ikimshuka itamshuka mchana, majirani wakiwa macho. Mchungaji anayetoka na mifugo alfajiri achome kabla hajafungua zizi. Mama lishe wa stendi, ambaye asubuhi yake ni vurugu tupu, achague usiku. Kuchelewa nusu saa au saa moja hakuna madhara. Na glargine isichanganywe na insulini nyingine ndani ya bomba moja la sindano, hata kama NPH na Actrapid huwa zinachanganywa.

Degludec, kwa wachache wanaoipata, inakaa zaidi ya masaa 42 na inavumilia mabadiliko ya saa, mradi kati ya sindano na sindano yapite angalau masaa 8.

Ukitaka kuhama saa, kwa mfano kutoka usiku kwenda asubuhi, usiruke. Pata kibali cha daktari, na mara nyingi utaambiwa usogeze saa moja au mbili kwa siku mpaka ufike.

Ukisahau, na ukisahau kama umesahau

Kanuni isiyo na mjadala ni hii: usichome dozi mbili kwa pamoja ili kufidia. Glargine ukiikumbuka baada ya masaa machache, wengi huruhusiwa kuchoma pale pale na kesho yake kurudi kwenye saa ya kawaida. NPH ya usiku iliyokumbukwa alfajiri ni habari nyingine, kwa kuwa ukiichoma yote saa 11 alfajiri kilele kitakukuta shambani. Pima sukari, piga simu kituoni, uliza. Bora zaidi, usingoje siku hiyo. Ukiwa kliniki uliza, "Nikisahau ya usiku nifanyeje?", na jibu liandikwe kwenye kadi yako, kwa sababu jibu la mwenye kisukari aina ya kwanza na la mwenye aina ya pili hayalingani.

Mbaya kuliko kusahau ni kutokumbuka kama umechoma. Ukiwa na shaka, usichome tena. Pima mara kwa mara mpaka saa ya dozi inayofuata, na ukiona inapanda sana au unaanza kutapika, nenda kituoni. Dawa ya shaka hiyo ni daftari la shule na kalamu iliyofungwa kwa uzi: tarehe, saa, uniti, mguu au tumbo. Andika baada ya kutoa sindano mwilini, kamwe si kabla.

Kutumia vijiti vichache vizuri

Vijiti vya kupimia ni ghali, na wengi huvitumia siku wanapojisikia vibaya tu. Vipange. Ukitaka kujua kama saa na dozi ya usiku vinakufaa, pima asubuhi kabla ya kula, siku tatu mfululizo, ukiwa hujabadilisha kitu kingine. Kwa wengi shabaha ya asubuhi ni kati ya 4 na 7 mmol/L. Yako itathibitishwa na daktari, hasa ukiwa mjamzito au mzee sana. Ikiwa asubuhi zote tatu ziko juu, tumia kijiti cha nne saa 9 usiku. Kikisoma chini ya 4, dawa inakuja mapema au ni nyingi, na kuongeza uniti kutakuumiza. Kikisoma juu, ama dozi haitoshi, ama bonge la ugali la jioni ni kubwa kuliko dawa. Namba hizo nne, zikiwa zimeandikwa pamoja na saa ya sindano, zinamsaidia daktari wa Hospitali ya Somanda au wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Nyaumata kuliko vijiti ishirini vilivyotawanyika mwezi mzima.

Sukari ikishuka chini ya 4, au ukisikia jasho, kutetemeka na njaa ya ghafla wala huna kipimo, koroga vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji nusu kikombe unywe, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, pima au jisikilize, rudia kama bado. Chakula kigumu kifuate baadaye. Michembe niliyoisifu hapo juu haifai kwa dharura hii, inachelewa mno. Pakiti ndogo ya sukari ikae mfukoni shambani na nyingine chini ya mto wa kulalia. Aliyepoteza fahamu asitiliwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.

Dawa iliyoungua haina saa

Saa nzuri haisaidii kama insulini imekufa kwa joto. Kichupa kisichofunguliwa hukaa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu, maana ikiganda hata mara moja imeharibika. Kilichofunguliwa, kwa insulini nyingi, hutumika wiki 4 hivi kikiwa chini ya nyuzi 25 au 30. Kijikaratasi cha ndani ya boksi kinaeleza cha kwako. Andika tarehe ya kufungua kwenye kichupa chenyewe, kwa kalamu isiyofutika.

Habari njema kwa nyumba zisizo na jokofu zilitoka jirani. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za wakimbizi kule Dadaab, Kenya, ambalo hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, wakaiweka insulini katika joto hilo hilo maabara. Mwaka 2021 walichapisha matokeo: kwa wiki 4 nguvu yake haikupungua kwa kiasi cha kuleta madhara. Kwa hiyo chungu kinatosha. Chukua chungu kidogo, kiweke ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, umwagie maji asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kibichi, kiweke kivulini penye upepo. Kichupa kifungwe kwenye mfuko mkavu ndani yake. Usikiache chini ya bati, wala kwenye mfuko wa pikipiki, wala juu ya dashibodi ya basi la Mwanza. Safarini dawa ikae nawe kwenye kiti, mizigo mingine iende buti.

Kabla ya kuchoma NPH, bingirisha kichupa taratibu kati ya viganja mara ishirini hivi, mpaka weupe uwe sawa juu na chini. Ukichoma bila kubingirisha, leo utapata maji na wiki ijayo utapata dawa nzito, na hutajua kwa nini sukari inaruka. Ikiwa na mabonge, au chembe zimeganda ukutani mwa kichupa, itupe. Glargine iliyopata ukungu, itupe.

Siku zisizo za kawaida

Siku ya kliniki wengi huruka sindano ya usiku kwa sababu wameambiwa waje bila kula. Usiiruke. Dozi ya usiku ichomwe kama kawaida, labda daktari aseme vinginevyo. Ile ya asubuhi, kama ni NPH au Mixtard, beba pamoja na chakula, uchome na kula ukishatolewa damu. Kama unatoka Nkololo na foleni ni ndefu, mwambie nesi mapema kwamba una insulini na hujala.

Ukiugua malaria au kuharisha na chakula hakipiti, insulini ya muda mrefu haiachwi, hasa kwa mtoto au kijana mwenye aina ya kwanza. Mwili unaopambana na homa hupandisha sukari wenyewe. Kiasi kinaweza kubadilishwa, ila kuacha kabisa kunaleta sumu ya ketoni kwenye damu: kutapika, tumbo kuuma, pumzi nzito za haraka, harufu ya matunda mdomoni. Hiyo ni safari ya hospitali usiku huo huo.

Anayekusudia kufunga Ramadhani aende kliniki wiki kadhaa kabla. Wanaoruhusiwa kufunga mara nyingi huhamishiwa dozi ya muda mrefu wakati wa futari, na kiasi hupunguzwa. Wapo ambao daktari atawashauri wasifunge, na kuwapo kwenye kundi hilo si upungufu wa imani. Kwaresima nayo ina hesabu zake kwa wanaofunga mpaka jioni.

Siku ya kliniki ijayo, nenda na kichupa chako, daftari lenye asubuhi tatu na usiku mmoja, na maelezo ya siku yako ya kazi tangu unaamka mpaka unalala. Uliza mambo matatu: dawa hii kilele chake ni saa ngapi kwangu, nikisahau nifanye nini, na msimu wa kulima tutapunguza ngapi. Usiondoke kabla majibu hayajaandikwa kwa saa yetu.